Marumaru za 30 kwa 60: usizikate zote kwa mshazari mmoja

Mkuu, usiwashe mashine. Usikate hata moja.

Una boksi tano za marumaru za sentimita 30 kwa 60, unataka kukata kila moja kona kwa kona upate pembetatu "moja ya kushoto na moja ya kulia", kisha upange mishale ukuta wa jikoni. Umeuliza pia mwanao wa darasa la saba amjibu vipi mwalimu kuhusu mistari ya ulinganifu ya pembetatu, yaani mistari ambayo ukikunja umbo juu yake nusu mbili zinafunikana. Hilo la mwanao ndilo linaloamua pesa yako.

Mwaka jana nilikuwa na boksi tano hizohizo, kila boksi marumaru 8, jumla 40. Aliyeniambia maneno hayo ya kushoto na kulia ni muuzaji dukani: "Kata kona kwa kona, vinatoka pacha." Aliyasema bila kupepesa macho. Fundi akachora mstari kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, zote 40, mashine ikalia kutwa, vumbi mpaka kwenye masufuria. Jioni tuna vipande 80. Tukavipanga sakafuni kwanza kabla ya kubandika, na mshale hata mmoja haukutokea. Tulizungusha, tukahamisha, tukabadilishana nafasi. Kila tulipounganisha viwili kwa upande wa 60 tulipata msambamba umeinama kama uzio uliosukumwa na ng'ombe.

Usinicheke, wewe bado hujawasha mashine tu.

Vipande vyote 80 vilikuwa vya mkono mmoja! Ukikata mstatili kwa mshazari, kipande cha pili ni kile cha kwanza kilichozungushwa nusu duara. Vinalingana kabisa, ila si kama mtu na sura yake kwenye kioo. Ili upate cha kioo ni lazima ukipindue, na marumaru ukiipindua, uso unaong'aa unaangalia ukuta na wewe unaangalia mgongo wake. Pembetatu ile ina pande za 30, 60 na kama 67, hakuna mbili zinazolingana, kwa hiyo haina mstari wa ulinganifu hata mmoja. Kushoto kwake hakuwezi kuwa kulia kwake. Pembetatu pacha, ile yenye pande mbili sawa, ingetuokoa, maana ukiipindua inabaki ileile. Ndiyo maana ukikata marumaru ya mraba, 30 kwa 30, huna la kuhofia.

Mishale 40 ilitaka vipande 40 vya kushoto na 40 vya kulia. Nusu ya kazi ya siku nzima ikawa haina pa kukaa. Nikarudi kununua boksi tatu, nikakuta mzigo wa toleo lile umekwisha, na toleo jipya rangi imechepuka. Leo kila mshale jikoni kwangu una bawa jeupe na bawa la rangi ya maziwa. Yule muuzaji akanitazama usoni akasema fundi wangu hajui kazi. Fundi alifuata maneno yake yeye! Mpaka leo nikipita pale damu inachemka.

Mwanao mwambie: pande tatu sawa, mistari 3; pande mbili sawa, mstari 1; zote tofauti, hakuna. Ya mistari 2 haipo, kwa sababu miwili ikishapatikana pande zote tatu zinakuwa sawa, na wa tatu unakuja wenyewe. Pembetatu yenye pembemraba, yaani pembe ya nyuzi 90, isimdanganye: ya nyuzi 45 na 45 ina mmoja, nyingine zote hazina.

Wewe chukua karatasi, ikate 30 kwa 60, ikunje juu ya mstari wa kona kwa kona. Utaona ncha zinatokeza nje, hazifunikani. Karatasi isipofunikana, usikate zote upande mmoja. KUNJA KWANZA, mkuu, kunja ndipo ukate.

Halafu gawa: marumaru 20 mstari uanzie kona ya chini kushoto, 20 nyingine uanzie ya chini kulia, uso ukiwa juu zote. Fundi asiweke alama ya K, maana kushoto ni K na kulia ni K. Achore mstari wenyewe, kwa penseli, kwenye kila moja, na wewe uzihesabu 20 kwa 20 kabla hajagusa swichi.