Besi ya kanisani: linalonguruma dukani linapotea kwenye bendi

Mkuu umeuliza una milioni moja na laki mbili, unapigia kwaya ya vijana, unataka ile besi nene inayotikisa kifua, sasa uchukue gitaa la nyuzi tano la active (lenye saketi na betri ndani) au hela uielekeze kwenye amplifaya, na iwe wati ngapi. Wadau hapo juu wamekutajia majina ya magitaa mpaka basi. Mimi nitakujibu kwa hasara zangu tu, maana huu mwaka wa kumi na sita napiga besi, kanisani Mbagala na bendi ya maharusi, na hayo makosa unayotaka kuyafanya mengi nilishayalipia.

Gitaa langu la kwanza la maana nilinunua Kariakoo. Nikaingia dukani, nikachomeka, nikazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho, trebo (zile sauti kali za juu) mpaka mwisho, cha sauti za katikati nikakishusha kabisa. Mzee, lilinguruma! Vioo vya kaunta vinatetema, wapita njia wanachungulia, nikajiona nshafika, nikatoa hela hata bei sikubembeleza. Jumapili nikaweka vilevile. Wimbo wa kwanza tu, kinanda kimeingia, drums zimeingia, kwaya watu kama arobaini, besi haipo. Yaani ipo maana dirisha la karibu yangu lilikuwa linagonga, ila noti huisikii, unasikia mvumo tu kama lori limepaki nje na injini haijazimwa. Nikaongeza volyumu, ukaongezeka mvumo. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akageuka akanitazama lile jicho la "we mtoto wa nani".

Fundi mitambo wetu alikuwa mzee mmoja aliyekulia kwenye bendi za dansi. Hakuniambia kitu. Watu wamefumba macho wanaomba, ye akapanda taratibu, akashusha besi chini ya nusu, akapandisha katikati ikapita nusu, trebo akaiacha kidogo tu, akashuka zake. Nikajaribu kwa sauti ndogo nikachukia, gitaa linaongea kama mtu ana mafua. Kwaya ilipoanza tena kila noti ikatoka, mpiga drums akacheka akaninyooshea kidole gumba. Baada ya ibada nikamuuliza mzee kulikoni, akasema "wewe ulikuwa unapiga peke yako".

Sababu yenyewe sio uchawi. Ule uzi mnene ukiupiga wazi unatoa noti ya E ya kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sasa sikio letu huko chini ni zito, na spika nyingi ndogo hiyo 41 zinaitoa kwa shida, kinachokufanya utambue ni noti gani ni zile sauti za juu yake zinazotoka pamoja nayo, 82, 123, 164 na kuendelea. Huko chini kabisa unagombania nafasi na teke la drums (ile ngoma kubwa ya mguu), na mpiga kinanda wetu mkono wa kushoto nao haupumziki. Afu kuta za zege na bati juu, ukijaza besi ukumbi wote unavuma. Ukishusha katikati umefuta kitambulisho chako mwenyewe. Sikiliza besi ya bendi za dansi kama Sikinde au Msondo, zile nyimbo za zamani, haingurumi, inaongea, unaweza kuiimba kwa mdomo. Kwa hiyo "nene" unayoitaka, kubwa lake linatoka katikati, sio chini.

Sasa gitaa. Kwa hela yako mi ningetafuta pasivu (lisilo na betri) la nyuzi nne, lenye pikapu ya aina ya Precision (pikapu nasemea zile sumaku chini ya nyuzi, sio gari). Mmarekani Leo Fender alilitoa gitaa la besi la Precision 1951, na ile pikapu iliyokatwa vipande viwili ikaja 1957, mpaka leo watu wanaiga maana ina hiyo katikati imejaa na haina kelele ya umeme. Jazz Bass, gitaa lake jingine la 1960, ina pikapu mbili nyembamba, sauti yake imechongoka zaidi, tamu sana kwa anayecheza na vidole karibu na daraja (pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wa gitaa), ila ukifungua pikapu moja peke yake kwenye ukumbi wenye taa za tyubu utasikia zzzzz mpaka amina. Zifungue zote mbili sawasawa kelele inaisha. Kuna magitaa yanachanganya, moja ya Precision na moja ya Jazz kule nyuma, Yamaha TRBX174 iko hivyo na ni pasivu, kwa mtu wa kwaya hiyo inatosha kabisa. Mtu akikwambia gitaa rahisi halitoi toni mwambie mpiga besi James Jamerson kwenye zile rekodi za lebo ya Motown alikuwa na Precision tu, nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Kimoja!

Active silikatai. Kampuni ya Music Man walipotoa gitaa la StingRay 1976 yenye saketi ndani watu walipata ukali ambao pasivu halina. Ila active ni betri ya volti 9, na inaliwa muda wote jeki imechomekwa hata kama hupigi, we unaacha waya kwenye gitaa kuanzia mazoezi ya Jumamosi, Jumapili wimbo wa pili sauti inaanza kukoroma na kukatika. Ilinikuta, na duka la jirani lilikuwa na betri za rimoti tu. Na nyuzi tano ile B ya chini ni kama hezi 31, kama spika yako 41 inaitoa kwa shida hiyo 31 unamlipia nani?

Kabla hujabadili gitaa badili nyuzi. Sikutanii, nimeshaona mtu anauza gitaa zima kisa halilii kumbe nyuzi zina miaka mitatu, huku Pwani chumvi na jasho zinazila zinakuwa kama waya wa kuanikia nguo. Nyuzi za mikwaruzo sauti yake inang'aa, zinafaa kama unapiga kwa dole gumba. Zile bapa, zisizo na mikwaruzo, sauti yake ni laini na nzito, zinadumu sana, na kwa nyimbo za kwaya na rumba mi nazipenda kuliko zote ingawa bei yake inauma. Afu mpe fundi anyooshe shingo, kile chuma cha ndani kinarekebishwa kwa elenki, robo mzunguko tu, usikaze kwa hasira.

Amplifaya ndo pananiuma. Kwanza swali: kanisani kwenu mna PA (mitambo ya sauti ya ukumbi mzima) yenye spika kubwa za besi? Kama mnayo usinunue li-amplifaya. Chukua DI boksi (kile kiboksi cha kuunganisha gitaa moja kwa moja na mikseri), ingia kwenye mikseri, na kakombo kadogo (amplifaya na spika kwenye boksi moja) ka wati 30 mpaka 50 uweke nyuma yako ujisikie. Kama hamna PA ya maana na drums ni za ukweli, hapo chini ya wati 200 utakuwa unateseka, maana besi inakula nguvu kuliko gitaa la solo. Na usidanganyike na namba, kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, sikio linasema "imezidi kidogo". Spika yenyewe na ukubwa wa boksi vinaweza kukupa tofauti kubwa kuliko hizo wati. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ya 1969 ilikuwa wati 300 za vali (zile tyubu za kioo zinazowaka ndani), ila ilikuwa inasukuma spika nane za inchi 10 kwa boksi. Na tafadhali usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo ukaifungulia, spika yake haikutengenezwa kwa hiyo mitikisiko, itachanika.

Ohm sasa, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Harusi moja Morogoro, tulikuwa na kichwa (amplifaya isiyo na spika yake) kimeandikwa nyuma kabisa "minimum 4 ohms", mi nikiwa na boksi langu la spika la ohm 4, mwenzangu akaja na lake la ohm 4, tukaona raha, tuunganishe yote mawili. Sambamba inakuwa ohm 2. Maharusi wanaingia ukumbini, nusu ya wimbo kichwa kikazima kwa joto, MC anasema "bendiii!" na mimi nimesimama na gitaa halitoi hata mlio, nikabaki natikisa kichwa kama napiga. Kilirudi baada ya kupoa, bahati yangu. Mawili ya ohm 8 ndo yanakupa 4, hesabu hiyo ishike. Na amplifaya ya vali ina sharti lake lingine, usiiwashe bila spika kuchomekwa, unaua transfoma.

Ya mwisho ya mtumba: vyombo vilivyotoka Marekani vingi ni volti 120. Umeme wetu ni 230. Geuza amplifaya nyuma usome pale waya wa umeme unapoingia KABLA muuzaji hajakuwashia "ujaribu tu". Kama ni 120 unahitaji step-down (transfoma ya kushusha volti) ya uwezo unaotosha, piga na hiyo hesabu kwenye bei. Vya Uingereza na Ulaya havina hilo tatizo, ni plagi tu.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, gitaa la mtumba lililonyooka shingo la pasivu lisile zaidi ya nusu ya hela, nyuzi mpya, DI boksi, waya mzuri wa mita 5, na kinachobaki kiende kwenye kombo. Siku ya kununua usiende peke yako, nenda na mpiga kinanda wenu, ashike akodi kwenye kinanda chochote cha dukani we ukiwa unapiga, vitufe vyote viwe katikati, afu rekodi kwa simu ukiwa umesimama mlangoni. Mi gitaa nililonalo leo nililichagua hivyo, pale kaunta lilikuwa la tatu kwa uzuri, kwenye rekodi ndo pekee nililoweza kufuata noti zake.

Nijibu kwanza hilo la PA, na ukumbi wenu una dari au bati tupu.