Ukitaka kumtengenezea askari droni, kwanza ibebe wewe mwenyewe

Kijana mmoja anayesomea uhandisi Kampala amenitumia michoro ya droni yake. Ndoto yake ni kuona siku moja askari wa miguu wa nchi yake wakiitumia kuchungulia mbele kabla hawajavuka mto au kuingia kijijini. Kazi yenyewe ni nzuri: mota nne, fremu ya nyuzi za kaboni, kamera mbili. Ameniuliza anunue kamera ipi. Nami nimemuuliza: umeshatembea nayo mgongoni kilomita ngapi?

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Nilihamia Marekani nikiwa kijana, nikajiunga na jeshi la huko, na mwaka 2011 nikajikuta mashariki mwa Afghanistan nikiwa mrushaji wa Raven katika kombania yetu. Raven ni ndege ndogo isiyo na rubani, mabawa yake kama mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo 1.9. Unairusha kwa mkono, kama mtu anayetupa mkuki, na inakaa angani saa moja hadi saa moja na nusu. Ikitua hujibomoa vipande vipande, na imeundwa hivyo kwa makusudi ili nguvu ya kishindo iishie kwenye maungio. Unaviokota vipande, unavipachika, unairusha tena. Mwaka huohuo Marekani ilitangaza msaada kwa majeshi ya Uganda na Burundi yaliyokuwa Somalia, na ndani yake kulikuwa na droni ndogo nne. Kwa hiyo kijana wangu haanzi na jeshi lisiloijua kazi hii.

Kilo 1.9 zinasikika kidogo. Lakini ndege haisafiri peke yake. Kuna betri za akiba, antena, kifaa cha kuiongozea, skrini na vipuri. Hivyo vyote vinakuja juu ya fulana ya kuzuia risasi, kofia, risasi zenyewe, redio na maji. Ukiwa mlimani, hewa nyepesi, pumzi haitoshi, huhitaji mizani kujua kitu kipi kimezidi. Nimewaona askari hodari wakiiacha droni kambini kwa sababu siku hiyo waliona afadhali wabebe maji, na hawakukosea. Kwa hiyo usiniambie uzito wa ndege. Niambie uzito wa mzigo mzima utakaotumika siku moja, kisha uubebe mwenyewe kutwa nzima, upande na ushuke nao kilima, ndipo urudi kwenye michoro.

Wanorwei wa kampuni ya Prox Dynamics, iliyoanzishwa mwaka 2007, walilielewa jambo hili mapema. Black Hornet yao ya kwanza ilikuwa na gramu 16, helikopta inayokaa kwenye kiganja, na askari wa Uingereza waliipeleka Afghanistan. Wengi husifu udogo wake. Mimi nausifu mpangilio: seti moja ina ndege mbili, na kisanduku kinachobebwa kiunoni ndicho kinachozichaji. Moja ikiwa hewani kwa dakika zake 20 na kitu, nyingine inakunywa umeme. Aliyepanga hivyo alimfikiria mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta, asiye na soketi wala muda.

Nilipotoka jeshini nilifanya kazi ya majaribio kwenye kampuni moja ndogo. Siku ya kwanza tuliyoitoa droni yao nje kwenye theluji, skrini ya kugusa haikukubali vidole vyenye glavu, na betri iliyodumu dakika 30 ofisini ilianza kulalamika kabla ya dakika 15. Baridi huinyang'anya betri ya lithiamu nguvu, kila mhandisi pale alilijua hilo, ila hakuna aliyekuwa ametoka nje. Kwenu kutakuwa na vumbi, jua kali linaloiua skrini, na mvua inayokuja bila hodi. Toka nje.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Siku moja niliipeleka Raven nyuma ya kilele cha mlima, mawasiliano ya redio yakakatika, nikaipoteza. Kosa lilikuwa langu, sikuisoma ramani vizuri. Watu wanane wakatumwa kuitafuta kwenye bonde tusilolijua. Walirudi salama, lakini zile saa sijazisahau. Tengeneza droni ambayo kamanda anaweza kuisamehe ikipotea: bei yake iwe nafuu, na ndani yake kusibaki picha wala siri yoyote ya kumpeleka mtu kuifuata. Vita vya Ukraine vimelifanya hili kuwa la lazima. Huko mawimbi yanavurugwa mchana na usiku, droni zinapotea kwa wingi, hata wengine wameamua kuziongoza kwa uzi mwembamba wa faiba unaofunguka nyuma ya ndege. Anza kwa kudhani kwamba redio itakatika, na uamue mapema ndege yako itafanya nini ikikatika.

Sasa nirudi kwenye kamera, maana ndiyo aliyoiuliza.

Usiku mmoja tulikuwa tukilinda barabara. Kwenye picha ya joto nikaona mtu mweupe, yaani mwili wenye joto, ameinama kando ya barabara anachimba. Pale, mtu anayechimba kando ya barabara usiku alikuwa na maana moja vichwani mwetu: bomu. Luteni alikuwa begani kwangu, anataka jibu. Ana jembe au bunduki? Picha haikutosha kusema. Nilikuwa na betri ya kutosha kuzunguka tena, nikaomba nizunguke. Mzunguko wa pili, bado. Wa tatu, nikaona mstari mweusi ukitambaa kutoka miguuni mwake kuelekea shambani, polepole, ukitanuka. Yalikuwa maji. Maji yale yalikuwa baridi kuliko udongo uliochomwa na jua mchana kutwa, na kwenye kamera ya joto yakatoka meusi. Alikuwa mkulima aliyefikiwa na zamu yake ya mfereji.

Nikamwambia luteni, anamwagilia. Akainua redio, akawaambia vijana wamwache.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nunua kamera itakayoonyesha yale maji, na uihifadhie betri ya kuzunguka mara ya tatu. Ukilazimika kupunguza gramu, punguza kwingine. Na usiirushe hata kwa majaribio kabla hujapata kibali cha mamlaka ya anga na idhini ya jeshi lenyewe. Picha za safari yako ya mlimani nitazisubiri, na uniandikie pia mzigo ulikuwa kilo ngapi ulipoutua.