"Kupotea" kwa Kiingereza: kwa wakalimani wapya wa Kigoma

Nimemaliza kupitia tafsiri za majaribio za wakalimani wapya tuliowapokea hapa Kasulu, na nimekuta yaleyale ya kila mwaka: mkimbizi anayehojiwa akisema jambo lolote limepotea, mkalimani anaandika "disappear" au "lost", kisha anaendelea na sentensi inayofuata. Wadogo zangu, nataka mdumu katika kazi hii, ndiyo maana nasema waziwazi kwamba kosa hili halivumiliki. Linaingia kwenye faili la mtu, na anayelisoma faili hilo baadaye hamjui mwenyewe wala hakusikia sauti yake.

1. "Disappear" haina mtendwa. "My phone was disappeared" haisemwi. Simu "disappeared", basi. Yapo matumizi mamoja tu ya kutendwa, nayo ni mazito: mtu amechukuliwa na dola au na watu wanaotenda kwa idhini yake, kisha wahusika wakakana kwamba wanaye. Hapo Kiingereza cha haki za binadamu husema "he was disappeared", matumizi yaliyotoka katika Kihispania cha Amerika ya Kusini, hasa Argentina chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, ambako waliochukuliwa waliitwa "desaparecidos". Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2006 mkataba wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, na ukaanza kutumika mwaka 2010. Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo, maana siku hizi mtu akisema "wamempoteza", anayesikia haulizi kama ni njiani au sokoni. Kwa hiyo "was" moja iliyowekwa ovyo inaishtaki serikali, na "was" moja iliyoachwa inafuta shtaka ambalo mhojiwa alilitoa kwa kutetemeka.

2. "Lost" na "missing" si ndugu. Mtoto yuko "lost" ikiwa yeye mwenyewe hajui alipo. Yuko "missing" ikiwa wanaomtafuta ndio hawajui. Mfano tunao hapa nyumbani. David Livingstone aliondoka Zanzibar mwaka 1866, na Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, Ulaya na Marekani zilikuwa zimekaa muda mrefu bila habari za uhakika kumhusu. Kwao alikuwa "missing", ilhali watu wa Ujiji walijua nyumba aliyokuwa akiishi. Neno hilo linamtaka mtafutaji, na mkilitumia, faili lionyeshe ni nani anayetafuta.

Kuna matumizi ya tatu ya "lost", na hayo ndiyo yanayoniuma. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, alikuwa akimkalimania mama aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka upande wa Fizi, huko Kongo. Mama alisema, kwa Kiswahili cha Kongo, "Tulipotezana na bwana yangu kule kwenye mitumbwi." Mwenzetu, aliyekuwa amechoka na bado ana wahojiwa wengine kwenye foleni, akatoa sentensi fupi iliyonyooka: "I lost my husband at the boats." Sarufi haina dosari. Lakini Kiingereza kikisema mtu "lost her husband", msikilizaji anaelewa kwamba mume amefariki. Afisa akainamisha kichwa, akasema anasikitika, mwenzetu akamwambia mama "pole sana", na mama akaitikia "asante". Pole yetu inamfaa aliyefiwa, aliyeachana na mwenzake gizani na hata aliyejikwaa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Afisa aliona ni ukatili kuuliza zaidi, akaandika kuwa mama ni mjane, akaenda swali linalofuata.

Mume alikuwa hai, katika kambi nyingine ya mkoa huuhuu, akiulizia mke na watoto. Ombi lake lilipofika, faili la mama lilisema mume alishakufa, na mwanamume aliyejitokeza akaonekana kuwa mlaghai. Mama aliitwa tena, mbele ya watu asiowajua, aeleze kwa nini alidanganya kuhusu kifo ambacho hakuwahi kukitamka. Mwenzetu anasema kinachomkosesha usingizi ni kwamba kiambishi kilikuwepo: "tulipoteza-na", wawili wakikosana machoni, wote wakiwa hai kwa kadiri mama alivyojua. "We were separated" lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa jepesi. Sikilizeni mnyambuliko hadi silabi ya mwisho, hasa kwa wahojiwa wanaotoka ng'ambo ya ziwa.

3. Mengine ni mepesi. "Vanish" ni ghafla na bila alama, msiitumie ikiwa mhojiwa hakusisitiza hivyo. "Abscond" hubeba tuhuma ya kukwepa sheria. Aliyekimbia vita "fled". Maumivu "went away", ganzi "wore off", rangi "faded". Mtakaokodishwa na wahifadhi wa Gombe au Mahale, kumbukeni vyura wa Kihansi: mwaka 2009 walitangazwa kuwa "extinct in the wild", si "extinct", kwa sababu wengine walikuwa wakitunzwa Marekani katika bustani za wanyama. Na "umepotea sana" ya salamu kamwe isiwe "you are lost". Mgeni atadhani mnamwonyesha njia.

4. Ukiwa na shaka, simamisha mahojiano. Mwambie afisa kuwa neno lililotumika lina maana zaidi ya moja, omba ruhusa ya kumwuliza mhojiwa, kisha tafsiri swali lako na jibu lake, vyote viwili, ili afisa asibaki nje ya mazungumzo. Swali lisimwelekeze mhojiwa pa kujibu: usimwulize kama mume alikufa, mwulize mara ya mwisho alimwona wapi na anajua nini juu yake tangu hapo. Maafisa wengi hushukuru. Atakayenuna kwa ajili ya dakika hiyo moja, mvumilieni, lakini swali liulizwe.