Meno mabovu na sukari ya ukoo: jibu la mwalimu aliyemkata mwanafunzi maksi bure

Mkuu mwenye uzi, umeuliza hivi: mama yako na bibi yako waliishiwa meno mapema, wote walikuwa na kisukari, na wewe una miaka 34, sukari ya asubuhi kabla ya kula inasoma 6.4 (mmol/L) na fizi zimeanza kutoa damu. Ni damu ya ukoo au ni mahamri na chai? Waliotangulia wameshagawana pande mbili, wa "kurithi" na wa "uvivu wa mswaki". Mimi ni wa hapa Tanga, Makorora. Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 19, na sukari ninayo tangu 2016. Niruhusu nianzie darasani.

Aliyesoma sayansi atalikumbuka jaribio la mate na wanga. Unaweka uji mwepesi wa wanga kwenye testitubu, mwanafunzi anatema mate humo, halafu kila dakika unachota tone na kulitia iodini juu ya kigae cheupe. Mwanzoni tone linakuwa bluu nzito karibu na weusi. Mate yakishaumega wanga, inabaki rangi ya iodini yenyewe, kama chai ya rangi. Sisi wanga wetu ulikuwa wa muhogo, tuliukuna na kuukamua wenyewe kwa kitambaa. Mwaka mmoja nilikuwa na mabinti wawili meza moja. Wa kwanza, dakika ya tatu bluu kwisha. Wa pili, dakika ya kumi bado tone jeusi kama wino. Akaniambia, "Mwalimu, labda mate yangu mabovu." Darasa zima kicheko. Nikamwambia amekosea vipimo, arudie. Akarudia, yakawa yale yale, nami nikamkata maksi mbili.

Miaka baadaye ndipo nikasoma habari za jeni inayoitwa AMY1. Hiyo ndiyo inayotengeneza amilesi, kimeng'enya cha mate kinachomega wanga. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hii inatofautiana: kuna mwenye 2, kuna mwenye 6, kuna anayepita 12. Sokwe ana 2 tu. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha jamii zinazokula wanga mwingi na zile zisizokula sana, na jamii mbili kati ya hizo ni za kwetu: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wachimba mizizi, waliwekwa upande wa wanga, Wadatoga, watu wa maziwa na nyama, upande wa pili. Wanaokula wanga mwingi kwa jumla walikuwa na nakala nyingi zaidi. Siwezi kuapa kwamba yule binti alikuwa na nakala chache, maana hata mate kuwa mepesi siku hiyo yanabadilisha matokeo. Lakini kosa la vipimo halikuwa jibu pekee, na mimi sikulijua jingine.

Sasa wadudu wa kinywani wanaingiaje? Tafuna muhogo wa kuchemsha bila kumeza, hesabu hadi 40. Unaanza kuwa mtamu. Ule utamu ni sukari iliyomegwa na mate yako, na si wewe peke yako unayeila. Kuna bakteria wanaoishi kwenye ukoga wa meno ambao huidaka amilesi yetu na kuivaa mwilini mwao, wakamegewa chakula bila kutoa jasho. (Wapangaji wa namna hii, huku mtaani Ngamiani tunawajua.) Wakila sukari wanatoa asidi, na asidi inachimba jino. Kwa hiyo jeni zako ndizo mpishi, na mpishi anachagua wageni. Utafiti mkubwa wa mate ya watu zaidi ya 12,000 umeonyesha kwamba idadi ya nakala za AMY1 inaendana na aina nyingi za bakteria wa kinywani, na kwenye takwimu za Uingereza wenye nakala nyingi walivaa meno bandia zaidi. Kumega wanga haraka, kumbe, si baraka tupu.

Kuhusu unene, msikimbilie. Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliodai wenye nakala chache hunenepa zaidi. Wengine wakahesabu nakala kwa umakini zaidi, uhusiano ule hawakuuona.

Kwa kisukari, njia iliyo wazi zaidi ni fizi. Fizi zilizovimba ni kidonda kinachovuja sumu na kemikali za uvimbe kwenye damu siku nzima, na mwili ulio hivyo haupokei vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari ikipanda, fizi nazo zinaoza zaidi. Mimi nilimeza metformini, dawa ya kushusha sukari, miaka mitatu, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c, kinasomwa kwa asilimia, si sawa na ile 6.4 yako) kikagoma kwenye 8.9, na kliniki niliyokuwa nahudhuria hakuna hata siku moja niliyoambiwa fungua mdomo. Nilikwenda mwenyewe kukwanguliwa ugaga, kikao kimoja nusu ya juu, kingine nusu ya chini, damu si haba. Baada ya miezi minne nikasoma 8.3. Nilikuwa nimeacha pia sukari kwenye chai, kwa hiyo sifa zote sizipi fizi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinatoa wastani wa kushuka kama 0.4 kwenye kipimo hicho baada ya kutibu fizi.

Kwa hiyo bibi na mama yako walikurithisha jeni, ndiyo. Lakini walikurithisha pia bakteria wenyewe, kwa kukutafunia chakula na kuonja uji kwa kijiko chako, na wakakurithisha jiko: bada (ugali wa muhogo) mchana, muhogo wa nazi jioni, chai ya sukari katikati. Vitatu hivi huwezi kuvitenganisha kwa kutazama picha ya familia.

Aliyekushauri usukutue kila siku kwa ile dawa kali ya kuua wadudu wote, mpuuze mpaka daktari akuandikie. Juu ya ulimi kuna bakteria wanaogeuza nitrati ya mchicha kuwa kitu kinacholegeza mishipa ya damu. Ukiwaua, presha inaweza kupanda.

Mswaki wa mti unafaa, ila chambua ncha mpaka iwe laini na ufike nyuma ya magego, siyo yale ya mbele ya kuchekea tu. Na siku ukienda kukwanguliwa, watajie 6.4 yako kabla hawajashika chombo.