Kambi ya macho ya klabu ya Lions: milioni 18 zikae wapi, na zitibu macho mangapi (jibu refu)

Ndugu mweka hazina, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Klabu yenu mpya ya Lions, chama cha kimataifa cha kujitolea, imechangisha shilingi milioni 18 kwa matembezi ya hisani na chakula cha jioni, na mnataka kufanya kambi ya macho ya siku tatu kwenye hospitali ya wilaya. Wakati huohuo wanachama wawili wanadai nauli zao za mkutano mkuu zitoke humohumo, "si pesa ya klabu?" Nianze na hao wawili, maana wao ni wepesi kuwajibu.

Pesa hiyo si ya klabu. Klabu ya Lions huendesha akaunti mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji: ada za wanachama, faini anazokusanya yule bwana wa faini kwenye vikao, na michango ya wanachama wenyewe. Humo ndimo hulipwa ada za makao makuu, vitafunwa vya mkutano, beji na nauli za kwenda mikutano. Ya pili ni ya shughuli: chochote kilichotoka kwa umma, yaani tiketi, udhamini wa kampuni, harambee, ndoo ya barabarani. Humo mnaruhusiwa kutoa gharama za moja kwa moja za hafla iliyoleta pesa (ukumbi, mpishi, uchapaji wa tiketi), na kinachobaki chote kinarudi kwa umma. Hata riba ya benki kwenye akaunti hiyo ni ya umma. Kutoka uendeshaji kwenda shughuli mnaweza kuhamisha. Kutoka shughuli kwenda uendeshaji, hapana, hata kwa "kukopa mpaka mwisho wa mwezi". Klabu nyingi huanguka kwenye huo mkopo. Mwezi unaisha, ada hazijalipwa, na kitabu kinaanza kusomeka vibaya.

Fulana za wanachama na chakula cha wageni waalikwa siku ya ufunguzi viwekeni upande wa uendeshaji. Bango la kuwaelekeza wagonjwa ni gharama ya kambi. Bango lenye picha ya rais wa klabu na mgeni rasmi wakipeana mikono, mjuane wenyewe.

Sasa kambi. Lions na macho ni habari ya zamani. Chama kilianza Chicago mwaka 1917 chini ya Melvin Jones, na mwaka 1925 Helen Keller, mwenyewe kipofu na kiziwi, aliwaomba kwenye mkutano wao wa Cedar Point, Ohio, wawe mashujaa wa kupambana na giza la vipofu. Tangu hapo kila klabu mpya hutaka kuanza na macho. Ni chaguo zuri, kwa sababu mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mmoja mfupi wa ganzi ya jicho tu. Ila ni upasuaji, na ukienda vibaya mtu hupoteza jicho ambalo jana yake lilikuwa linaona mwanga. Kwa hiyo kazi ya klabu ni pesa, usafiri, chakula na ufuatiliaji. Tiba ni ya hospitali.

Hatua ya kwanza ni barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa mganga mfawidhi na kwa mratibu wa huduma za macho wa mkoa. Huyo mratibu ndiye mtu muhimu kuliko wote, na ndiye anayesahaulika. Anajua daktari bingwa au daktari msaidizi wa macho yupi yuko karibu, hadubini ya upasuaji inayofanya kazi iko wapi, na kambi nyingine imepangwa lini. Mkipata daktari mgeni kutoka nje ya nchi, usajili wake wa muda kwa Baraza la Madaktari Tanganyika uanze miezi kadhaa kabla, na dawa au lenzi anazobeba zipitie kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Sanduku lililozuiwa uwanja wa ndege huua kambi nzima.

Idadi ya macho msiipange kwa hamasa. Pigeni hesabu ya siku kwanza. "Siku tatu" maana yake ni siku mbili za upasuaji, kwa kuwa aliyepasuliwa leo lazima afunguliwe bandeji na kuangaliwa kesho na timu ileile. Upasuaji siku ya tatu halafu timu ikapanda gari jioni ni kosa la wazi.

Kisha seti za vifaa. Tuseme jicho moja huchukua dakika 15, na kuosha, kufunga, kutakasa na kupoza seti ni dakika 75. Mzunguko wa seti moja ni dakika 90. Kwa saa 8 za kazi, seti 3 zinawapa macho 16, seti 4 zinawapa 21. Daktari anaweza kuwa mwepesi kama umeme, bado atasubiri sufuria ya kutakasia vifaa. Kwa hiyo ukitaka macho 20 kwa siku, tafuta seti 4 na ya tano ya akiba, kwa sababu kifaa kitaanguka sakafuni. Mara mbili ya 20 ni 40. Hiyo ndiyo kambi yenu.

Toeni asilimia 10, yaani milioni 1.8, ikae kando kwa matatizo ya baada ya upasuaji. Zinabaki milioni 16.2, ukigawa kwa macho 40 ni 405,000 kwa jicho, na humo kuna kila kitu: uchunguzi, usafiri, chakula, vifaa, posho, dawa za kwenda nazo nyumbani. Iombeni hospitali bei ya jumla kwa jicho kwa maandishi. Ikizidi hapo, punguzeni idadi. Msipunguze dawa wala lenzi.

Uchunguzi ufanyike wiki mbili au tatu kabla, vijijini, na wauguzi wa macho wakisaidiwa na wahudumu wa afya wa jamii. Vifaa ni chati ya herufi E, kamba ya mita 6, tochi, kadi yenye tundu dogo, mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wengi watakaokuja hawana mtoto wa jicho. Wana mzio, wana kinyama cha jicho, au wamefika umri wa kushika Msahafu na Biblia kwa mikono iliyonyooka. Hao wa mwisho wanahitaji miwani ya kusomea tu: takriban +1.00 kwa wa miaka arobaini na kitu, +2.00 kwa wa hamsini, +2.50 hadi +3.00 kwa wa sitini kwenda juu. Nunueni mpya zilizo tayari. Msikusanye miwani mikuukuu kutoka kwa ndugu wa ughaibuni, ingawa Lions wa nchi nyingine wana desturi hiyo. Nyingi zimekwaruzika au zimetengenezwa kwa jicho la mtu fulani, na kazi ya kuziosha, kuzipima na kuzipanga huzidi thamani yake. Shirika la kimataifa la kuzuia upofu, IAPB, halishauri miwani iliyotumika.

Kipaumbele cha upasuaji ni mtu ambaye hata jicho lake zuri halifiki 6/60, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Mpasueni jicho moja tu katika kambi. Mwenye presha ya damu juu ya kikomo cha timu, mara nyingi 180/110, au sukari iliyopanda sana, arudishwe kliniki na apewe tarehe. Presha ya macho ni kitu kingine kabisa: haiponi kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na anayeahidiwa kuona halafu asione atawaharibia jina kijiji kizima. Mtoto mdogo mwenye weupe kwenye mboni hapasuliwi kambini hata mara moja. Anahitaji usingizi wa dawa na timu ya watoto, na weupe huo unaweza kuwa saratani ya jicho. Wekeni nauli ya kumpeleka haraka kwenye hospitali kubwa kama CCBRT, KCMC au Muhimbili, yeye na mzazi.

Watu hupotea kati ya uchunguzi na upasuaji. Waliandikwa 60, wanafika 35. Sababu huwa nauli, kukosa msindikizaji, au mazao shambani. Basi liwafuate kijijini na kila mgonjwa aje na mtu mmoja. Chakula na godoro vihesabiwe kwa watu 80, si 40. Epukeni msimu wa kupanda na mvua kubwa. Epukeni Ramadhani pia, kwani wagonjwa wengi husita kutia dawa ya matone mchana, na matone hayo hayana mjadala.

Lenzi bandia ni sehemu ambayo klabu hubana matumizi pasipostahili. Kila jicho lipimwe urefu kwa mashine kabla, kwa sababu kosa la milimita 1 hubadilisha nguvu ya lenzi kwa karibu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3. Kumwekea kila mtu 21 au 22 "kwa kuwa ndiyo ya kawaida" ni kumtoa mtu kwenye giza na kumwacha kwenye ukungu. Kwa wagonjwa 40 chukueni lenzi kama 80, nyingi kati ya 19 na 24, chache za pembeni, na chache za kuwekwa mbele ya mboni iwapo mfuko wa lenzi utapasuka. Mkubaliane na msambazaji kwa maandishi kwamba zisizofunguliwa zinarudi.

Kwa maji ya kuoshea jicho na jeli, andikeni namba ya toleo kwenye faili ya kila mgonjwa. Chupa moja iliyochafuka huweza kuharibu macho ya siku nzima, na bila namba hamtajua kosa lilipo. Povidoni-iodini ya asilimia 5 iingie kwenye jicho kabla ya kisu. Jicho la kupasuliwa lichorwe alama juu ya nyusi mgonjwa akiwa macho, na fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha anayoisikia kabla hajabonyeza dole gumba. Jenereta iwe na mafuta, hadubini iwe na balbu ya ziada. Balbu ni kitu kidogo, lakini ikiungua saa nne asubuhi kambi imeisha.

Siku ya pili mgonjwa hupimwa kwa chati, siyo kwa kuulizwa "unaona vidole vingapi?" mbele ya kamera. Anaondoka na matone ya kutosha wiki 4 hadi 6, miwani ya kivuli, na karatasi yenye namba ya simu ya muuguzi aliyebaki wilayani. Maumivu makali, wekundu na kuona kupungua ndani ya wiki ya kwanza ni maambukizi ndani ya jicho hadi ithibitike vingine, na sindano ya dawa ndani ya jicho hutakiwa siku hiyohiyo. Jueni kabla ya kambi ni hospitali gani itaichoma na gari gani litampeleka. Ile milioni 1.8 ni ya hapa.

Marejeo ni wiki ya kwanza, kisha wiki ya 4 hadi 6. Kipimo kilichowekwa na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 1998 ni kwamba angalau asilimia 80 waone 6/18 au zaidi kwa miwani waliyonayo, au bila miwani kama hawana, na wasioweza hata 6/60 wawe chini ya asilimia 5. Kwa macho 40, hiyo ni 32 kwa uchache upande wa kwanza, na lisizidi jicho 1 upande wa pili. Andikeni namba hizo mbili kwenye ripoti ya wafadhili badala ya "watu 900 walihudumiwa", ambayo inahesabu mpaka aliyekuja kuuliza kinachoendelea.

Malipo yapitie ankara ya hospitali na hundi yenye sahihi mbili, vifaa vije na risiti ya EFD, posho zisainiwe kwenye daftari lenye tarehe na namba ya simu. Akiba ikibaki baada ya wiki ya sita, inabaki kwenye akaunti ya shughuli na kusubiri macho mengine. Wale wawili wa nauli waambieni walipe ada zao kwanza.