Mbwa Wakubwa: Maswali Yenu Wiki Hii

Nimeahidiwa mtoto wa Great Dane bure. Ukiacha chakula, kuna gharama gani?

Bure ni ya siku ya kwanza tu. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo: za minyoo, za maumivu, hata ya usingizi akienda kupasuliwa. Mbwa wa kilo 70 anameza dozi ya mbwa kumi wa kilo saba. Chanjo ndiyo haijali ukubwa (afueni ndogo hiyo). Kabla hujamchukua, muulize daktari wa wanyama bei ya operesheni ya dharura kwa mbwa wa kilo hizo. Ikikushinda hiyo, mwache alipo.

Mbwa wetu alikula vizuri jioni. Usiku tumbo likavimba, akawa anajikamua kutapika na hakitoki kitu. Kulipokucha amekufa. Namshuku jirani.

Pole sana. Bila kumpasua maiti siwezi kuapa, ila jirani mwache kwanza. Dalili hizo ni za mfuko wa chakula kujaa gesi kisha kujisokota. Damu hukatika, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Walio hatarini zaidi ni wakubwa wenye kifua kirefu. Ukifuga mwingine, mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, usimpe chote kwa mkupuo mmoja. Upo pia upasuaji wa kuushona mfuko huo kwenye ukuta wa tumbo usijisokote; madaktari wengi huufanya siku ile ile ya kumhasi. Na akianza tena kujikamua bila kutapika, mkimbize kwa daktari usiku huo huo.

Nimpe kalsiamu mtoto wa mastiff awe na mifupa imara?

Usimpe! Chakula kilichotengenezewa watoto wa mbwa wakubwa kinayo ya kutosha. Ikizidi, mifupa na viungo hukua vibaya. Usimnenepeshe pia, bado anakua mpaka miezi 18 au zaidi.

Ataishi miaka mingapi?

Wengi hawafiki kumi. Zeus, Great Dane wa Michigan aliyeshika rekodi ya urefu kwa sentimita 111.8, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka mitano. Moyo, nyonga na saratani ya mifupa huwaandama mapema, kwa hiyo kama bima ya wanyama ipo kwenu, mkatie angali mtoto: ugonjwa uliogunduliwa kabla ya bima kwa kawaida haulipiwi.