Jaketi la kuokolea: kulivaa, au kuwa nalo tu botini?

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Ndugu aliyefungua uzi huu ameuliza hivi: kanunua boti ya faiba ya futi 23, anataka kuvua mshipi upande wa kisiwa cha Misali na mara mojamoja kuchukua jamaa na wageni wake. Je, jaketi la kuokolea avae muda wote, au inatosha majaketi yawemo botini? Wengi waliotangulia wamemwambia yakiwemo yatosha, kwani mtu anayejua kuogelea jaketi litamsumbua bure na joto hili letu. Nimesoma mpaka mwisho nikaona siwezi kupita kimya. Navua kutokea Wesha, hapa Pemba, mwaka wa 19 huu, na jawabu langu ni kwamba avae, tangu boti inaposukumwa mpaka anapokanyaga mchanga tena.

Mwaka 2014, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umeshika kwelikweli, tulikuwa watu 4 tunarudi kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi, Misali. Mashine ya nguvu za farasi 15, boti nzito, sanduku la barafu limejaa changu na chewa. Jua lilikuwa bado. Mie nikasimama ubavuni kwa haja ndogo, mkono mmoja umeshika ukingo. Wimbi likatupiga kwa pembeni, nikaenda. Kitendo cha sekunde moja, hata kupiga ukelele sikuwahi.

Sasa wale mnaosema "wenzako watakuona", nahodha aliniona. Ni shemeji yangu, alikuwa kwenye usukani na aliniona nikianguka. Lakini ilimbidi kwanza aitoe mashine upande wangu panga la mashine lisinikate, kisha aigeuze boti nzito kwenye mawimbi yanayotoka ubavuni bila kuipindua. Alipomaliza kugeuka hakujua tena nilipo. Kichwa cha mtu baharini wakati wa giza la alfajiri hakina tofauti na kifuu kinachoelea. Mie nilikuwa naiona boti kila nikipandishwa na wimbi, wao hawanioni. Nikiita, maji yanaingia mdomoni. Baada ya mara ya tatu niliacha kuita, maana niligundua kila ukelele unanigharimu pumzi ninayoihitaji kuelea.

Na mie kuogelea najua. Nimezaliwa ufukweni, nimejifunza kabla ya kuanza madrasa. Lakini kuogelea maji yakiwa yamejaa pale bandarini, umevaa kikoi, mchana, na marafiki, ni jambo moja. Kuogelea na suruali nzito na sweta lililokunywa maji, usiku kucha hujalala, mkondo unakuvuta usipopataka, ni jambo jingine kabisa. Baada ya dakika chache msuli wa paja ulinikaza, mguu mmoja ukawa hauna kazi.

Majaketi tulikuwa nayo 4, kila mtu lake. Yalikuwa omo, yaani mbele ya boti, chini ya nyavu na nanga ya akiba. Mwenzetu mmoja alichimbua mpaka akapata moja, akalirusha upande aliodhani nipo. Upepo ukalichukua, likapita mbali nami likielea vizuri sana, tupu. Sijasahau rangi yake mpaka leo.

Walinipata kwa sababu kulianza kupambazuka. Shemeji anakisia robo saa, kwangu mie ilikuwa nusu ya umri. Na kunipata si mwisho wa kazi. Mtu aliyechoka, nguo zimejaa maji, mikono haina nguvu, kumpandisha botini ni shughuli ya wanaume watatu, na wote watatu wakiegemea ubavu mmoja boti yenyewe inataka kulala. Jaketi zuri lina utepe mabegani wa kumshikia mtu. Mie walinishika nywele na sweta.

Tangu siku ile navaa. Mwanzoni nilichekwa, na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo halijasemwa kwenye uzi huu. Sababu ya joto ni ya kweli, sababu ya bei ni ya kweli, lakini kwa wengi wetu sababu kubwa ni aibu. Mvuvi akionekana na jaketi diko zima, yaani bandari nzima ya wavuvi, litasema anaogopa maji, huyu ni mgeni wa bahari. Mzee wangu mmoja, ami yangu, aliniambia waziwazi, "Sisi tumevua na babu zako kwa ngalawa na tanga la vipande, hakuna aliyevaa vazi hilo." Nilimjibu kwa adabu, "Ni kweli, ami, na tuwahesabu basi waliokwenda wasirudi." Akanyamaza. Katika ukoo wetu pekee tulihesabu watatu. Mmoja wao ndiye aliyekuwa muogeleaji bora wa kijiji. Mashua yake ilikutwa imepinduka siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na ndani yake lilikutwa jaketi moja limefungwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni kama lilivyotoka dukani.

Wapo pia waliojibu kwamba siku ikifika imefika. Nami naamini hivyo, ajali, yaani siku ya mtu kufa, iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.) siku ya vita vya Uhud alivaa deraya mbili, yaani mavazi ya chuma ya vita, moja juu ya nyingine, na hakuna aliyekuwa na tawakali kumshinda yeye.

Wanaotaka hesabu, walinzi wa pwani wa Marekani huzikusanya kila mwaka. Mwaka 2022, kati ya waliokufa maji kwenye ajali za boti za starehe ambao ilijulikana kama walivaa au hawakuvaa, 85 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Na wale wana boti nzuri na redio kuliko sisi. Hapa kwetu hatuhitaji hata kuhesabu. Meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija huku Pemba, watu walionusurika walielea juu ya magodoro. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotoka kwenda kuwaokoa. Sisi ndio tunaokwenda kuopoa wenzetu, kisha tunarudi kazini na jaketi liko chini ya nyavu.

Mtu mmoja kaandika kwamba dumu tupu latosha. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri lina nguvu ya kuelea karibu kilo 20, hilo silikatai, na limeokoa watu wengi. Kwa kaka yangu mwenye mtumbwi ambaye hana pesa ya kitu kingine, nasema afunge dumu kwa kamba ndefu, asiliache huru. Lakini dumu linataka mikono miwili iliyo macho. Upepo wa kusi hulisukuma dumu tupu kasi kuliko unavyoogelea. Na mtu aliyepigwa kichwani na foromali, ule mti wa tanga, akaanguka hana fahamu, hatalikumbatia dumu lolote.

Tuje kwenye jaketi lenyewe, maana kuna anayevaa na bado hajavaa kitu. Tazama kibandiko cha ndani, pana namba yenye herufi N, yaani nyutoni. Nyutoni 10 ni kama kilo 1 ya kuelea. La 50 linamsaidia mtu anayejua kuogelea aliye karibu na msaada, lakini halimgeuzi aliyezimia. La 100 ni la maji yaliyotulia, ndani ya ghuba. La 150 limetengenezwa ili limgeuze mtu uso ukatazama juu hata akiwa hana fahamu. Kwa anayevuka kwenda Misali au nje zaidi kwenye mkondo wa Pemba, ambako kina kinashuka mamia ya mita na maji yanakimbilia kaskazini, mie nashauri 150.

La sponji la 150 ni nene, na hapa nawaunga mkono wanaolalamika. Kuvuta jarife, ule wavu mkubwa, na mto kifuani ni taabu, na vifungo vya plastiki vinanasa kwenye macho ya nyavu, jambo la hatari kwa sababu nyavu zikishika kifungo zinaweza kukutoa nazo. Lipo la aina nyingine, jembamba kama mkanda shingoni, lina kopo dogo la gesi ya kaboni linalolijaza ukivuta kamba au lenyewe likiingia majini. Hilo ndilo ninalovaa sasa, na joto lake halisemeki kuwa ni joto. Lakini lina masharti. Kopo likishatumika limekwisha, basi kabla hujanunua ujue utapata wapi jingine. Kila mwezi lifungue, uangalie kopo halijala kutu na limekazwa. Linalojijaza lenyewe linaweza kufumka kwa kurushiwa maji mengi ya chumvi, na usilivae ndani ya boti yenye chumba, kwani boti ikipinduka litakusukuma na kukubana juu na mlango uko chini. Kwa mfanyakazi anayevuta nyavu kila usiku na hana pa kupata makopo, la sponji la 100 analolivaa kweli ni bora kuliko la 150 analolikalia.

Na kuyakalia majaketi ndiko kunakoyaharibu. Sponji ikikandamizwa kila siku haivimbi tena. Lioshe kwa maji yasiyo ya chumvi, lianike kivulini. Ukiona kitambaa kinapasuka kwa kucha, ujue limeshaliwa na jua.

Kisha lijaribu. Hili hakuna anayelifanya. Vaa nguo zako za kazi, kaza mikanda yote, pamoja na ule wa kupita kati ya mapaja, uingie majini hapohapo ufukweni. Ukiona jaketi limepanda limekufika masikioni na wewe umebaki chini, mikanda haijakazwa au saizi si yako. Filimbi iwe imefungwa kwenye jaketi. Mie nimeshaeleza kilichonipata nilipotegemea sauti yangu.

Kwa boti ya mashine kuna kamba ya kuzimia mashine, ile nyekundu inayofungwa mkononi. Nahodha akianguka mashine inazima, boti inamsubiri. Nyingi nimeziona zimefungwa kwenye mashine yenyewe, hazina faida yoyote pale. Jaketi bila kamba hiyo ni kuelea vizuri huku boti yako inakwenda Tanga.

Wazamiaji wa miwani na mkuki siwasemi, jaketi na kuzamia havipatani, lakini wakiwa safarini kwenda na kurudi nao wavae. Na anayetoka peke yake kwa mtumbwi ndiye namba moja, hana hata wa kumuona akianguka. Huyo amwambie mtu wa nyumbani anakwenda mwamba gani na anarudi saa ngapi, na simu aitie kwenye mfuko usioingia maji aivae shingoni. Nyumbani wajue kupiga 112 na kuwaarifu KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo baharini, wasingoje mpaka Alasiri wakidhani labda samaki wamekuwa wengi.

Kwako wewe uliyeuliza: wageni wako usiwape hiari. Mashine isiwashwe mpaka kila mmoja amefunga, na wewe uwe wa kwanza, kwa sababu mgeni humtazama nahodha. Watoto wana saizi zao kwa uzito, la mtu mzima mtoto huponyoka kwa chini. Umesema hujanunua bado. Mie ninayo ya aina zote mbili, lile la sponji na lile la gesi. Siku za bamvua maji hujaa mwendo wa saa 10 jioni, njoo Wesha na nguo zako za kazi uyavae yote mawili majini kabla hujatoa pesa yako.